Kura Yangu Mkononi Mwake

Watu wa mtaa huu wanasema mimi ni mkali. Si kweli. Wao ndio wanaopenda kusema upuuzi karibu na masikio yangu, na masikio ndiyo niliyobaki nayo. Macho yalikwenda miaka tisa iliyopita kwa presha ya macho, la kushoto kwanza, kisha la kulia. Kazi sikuacha. Mimi ni fundi baiskeli, na tundu la tyubu nalitafuta kwa shavu: unajaza upepo, unaizungusha karibu na uso, panapovuja panakupulizia. Wenye macho hao wanahangaika na beseni la maji.

Sasa, siku ya uchaguzi wa diwani nilikuwa na tatizo, na tatizo lenyewe lilikuwa nyumbani kwangu. Diwani aliyekuwa akitetea kiti ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tumbo moja. Tunamwita Mheshimiwa, na tulianza kumwita hivyo kabla hajagombea chochote, kwa vile anavyokohoa kabla ya kusema. Mama yao alifariki yeye hajaota meno. Mke wangu ndiye aliyembeba mgongoni, akamlea, akamsomesha kwa kufulia watu nguo. Ukimsema vibaya Mheshimiwa mbele ya dada yake, siku hiyo utajipakulia mwenyewe.

Nami kura yangu sikutaka kumpa. Kati ya kibanda changu na nyumba kuna mtaro, na Mheshimiwa aliahidi kuufunika tangu kampeni yake ya kwanza. Miaka mitano! Nimetumbukia humo mara mbili, na mara ya pili nilitoka na kiatu kimoja na goti lililovimba kama boga. Aliyeleta mbao mbili akazigongelea pale nivukie ni mkunga mstaafu wa zahanati, tena kwa nyundo niliyomwazima mimi. Huyo Mkunga ndiye aliyekuwa akishindana na shemeji. Undugu ni undugu, lakini goti ni langu.

Asiyeona anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe. Kinyozi, jirani yangu wa kibanda, aliposikia namchukua mke wangu, alizima mashine katikati ya kichwa cha mteja.

"Fundi! Unamkabidhi fisi bucha?"

"Fisi nani? Mke wangu?"

"Samahani, bwana. Lakini si uchukue mtu mwingine? Nichukue hata mimi."

"Wewe? Mtu akikaa kwenye kiti chako, vipara vyake vinajulikana mtaa mzima kabla hajalipa."

Alicheka, mteja naye akacheka, mimi nikanuna, kwa sababu maneno yake yaliniingia. Miaka tisa mke huyu ananisomea barua, ananisomea dawa, ananiambia shati hili lina doa, vua. Sijawahi kumkamata na uongo. Lakini sijawahi pia kumwomba amtose ndugu yake.

Asubuhi ya uchaguzi, tukinywa chai, nilimwambia, "Utaniandikia."

"Nitaandika utakachosema," akajibu, akaniongezea chai. Hakuuliza nitasema nini. Alikuwa anajua. Siku zote mbili nilipotumbukia mtaroni, yeye ndiye aliyenivuta kunitoa.

Kituo kilikuwa darasa la shule ya msingi, bado linanuka chaki. Foleni ilitoka mlangoni ikaenda hadi kwenye bomba la maji. Tulipofika watu wakatupisha, wakasema pita mzee, pita mama. Mimi sipendi kupishwa, lakini goti halikuwa na ubishi. Ndani, karani aliniuliza kama nasoma maandishi ya nukta nundu. Nikamwambia nimepofuka ukubwani, nukta nundu naijua kama ninavyojua kuendesha ndege.

"Basi msaidizi wako nani?"

"Huyu hapa. Mke wangu."

Hapo pakachafuka. Wakala wa Mkunga aliruka kutoka kwenye benchi, nikasikia benchi likiinuka upande mmoja. "Haiwezekani! Huyo ni dada wa mgombea! Mtaa mzima unajua!"

Msimamizi wa kituo, mama mwenye sauti ya mwalimu, alimwambia akae. Kisha akanigeukia. "Baba, sheria inasema ni mtu unayemwamini. Unamwamini?"

 Mke wangu alikuwa amenishika kiwiko, na nilisikia vidole vyake vimetulia, wala havikukaza.

"Namwamini," nikasema, kwa ukali kuliko ilivyohitajika.

Akaapa kwamba ataandika nitakachomwambia na siri ataitunza, akatia sahihi kwenye fomu. Tukaingia kituturini, kile kiboksi cha karatasi ngumu juu ya dawati, tukainama vichwa vimegusana. Alinukia sabuni ya kufulia kama kawaida yake.

"Nimeshika kalamu," akanong'ona. "Sema."

Nilimwambia, "Mkunga."

 Sikusikia kalamu. Nilisikia akivuta pumzi, akaishikilia. Nikafikiri: anamwona kwenye picha pale, mtoto wake wa mgongoni, na shahidi ni kalamu tu. Halafu kalamu ikakwaruza mara mbili, fupi, ndefu. Alama ya vema. Lakini ya nani? Vema ya Mkunga na vema ya Mheshimiwa zinakwaruza sawasawa. Nikajifanya natafuta ukingo wa karatasi nipate kuikunja, nikapitisha kidole katikati, eti nihisi alama iko juu au chini. Kidole kinachojua kila tundu la tyubu hakikujua kitu. Nikakunja, nikatumbukiza mwenyewe kwenye sanduku. Kisha naye akachukua karatasi yake, akapiga kura yake.

Njia nzima ya kurudi aliniambia ya kawaida tu: jiwe hapo, dimbwi hapo, mbao hizo, vuka. Mimi siku nzima nilifunga na kufungua gurudumu lilelile.

Matokeo yalitangazwa kesho yake asubuhi. Kinyozi alikuja mbio, ndala zinapiga kisigino. "Fundi! Wamehesabu mara tatu! Mkunga amemshinda Mheshimiwa kwa kura moja!"

Kura moja. Mimi si mwalimu wa hesabu, lakini hiyo niliipiga hapohapo na spana mkononi. Kama mke wangu aliandika Mkunga kweli, basi kura iliyomwangusha ndugu yake ni hiyo: angeihamisha, Mkunga angepungua moja, Mheshimiwa angeongezeka moja, na leo ndugu yake angekuwa bado diwani. Lo! Mwanamke huyu! Nilitamani kumpigia kelele za sifa mtaa mzima usikie, ila kwanza nilitaka kumsikia mwenyewe.

Sikupata nafasi. Mheshimiwa mwenyewe alifika, na safari hii hakukohoa. Mke wangu alikuwa ameniletea uji.

"Dada, kura ya shemeji uliandika wewe. Ulimwandika nani?"

"Niliapa. Muulize mwenyewe."

"Mkunga," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia, shemeji. Ukitaka kukasirika, kasirika na mimi, na mtaro wako."

"Dada!" Sauti ilimkatika kama ya mtoto. "Kura moja tu, dada! Nani angejua?"

"Yangu nilikupa wewe," mke wangu akasema. Alikuwa analia, na hakujificha. "Ningekuwa nazo kumi ningekupa zote kumi. Nilikuwa na moja. Ile nyingine ilikuwa ya mume wangu."

 Nikamsikia Mheshimiwa akimshika dada yake, nguo kwa nguo, wote wawili wanavuta kamasi, halafu nyayo zake zikaondoka polepole.

Nikafuta mikono. Nikaona ndio wakati wangu. "Mke wangu, mimi sikuwa na shaka hata..."

"Ulipapasa karatasi," akasema.

 Ukali wangu wote sijui ulikwenda wapi. Nimesifiwa mji mzima kwa kuwa na vidole vyenye akili, na siku hiyo nilivionea aibu vyote kumi.

"Nisamehe," nikasema.

 Alichukua bakuli la uji, ambao sikuwa nimeugusa, akaelekea mtaroni. Nikamfuata, nikanyoosha mkono. Aliuacha hewani kidogo, na nilistahili. Kisha akaushika, akasema, "Mbao hizo. Vuka."