Mashine Iliyorudia Kupiga Simu

Mama mwenzangu mwenye mtoto aliyesoma, soma hii kabla hujafungua mdomo. Mimi nilifika darasa la saba tu, kompyuta nilikuwa naiona kwa ofisi za watu, lakini kazi ya Valary wangu imeharibika na neno langu liko ndani.

Valary alimaliza koleji miaka mitatu iliyopita, akakaa nyumbani tukikaanga mandazi pamoja nyuma ya senta ya kupimia majani ya chai hapa Boito. Sisi si watu wa shamba. Marehemu mume wangu alitoka Kisii akaja kuchuna majani ya kampuni, na hata kichaka kimoja cha chai hatuna. Sasa Ratemo, karani aliyekuwa akiwapigia wakulima simu asubuhi kuhusu lori ya kubeba majani, akahamia Kedowa. Mzee Chepyegon, mwenyekiti wa senta, akaniita.

"Mama Valary, huyo msichana wako si alisomea kompyuta? Kuna mashine tumeletewa, inapiga simu yenyewe. Akiifanya ifanye kazi na lori ijae Ijumaa, basi yeye ndiye karani."

Ilikuwa kompyuta ndogo, nusu mkate ni kubwa kuliko hiyo, pamoja na kisanduku cheusi cha kuweka laini ya simu. Laini ni ile ile ya senta aliyokuwa anatumia Ratemo. Valary akaunganisha waya, akangoja. Kompyuta ikasema haioni kitu.

"Kisanduku kiko hapo mbele yake, haioni nini?"

"Haina draiva, mama. Ni programu ya kuifundisha vile itaongea na hicho kisanduku."

Jumatatu yote aliitafuta hiyo draiva kwa intaneti ya simu yake. Ikifika nusu, bando inaisha. Jumanne ikaanza kuingia vizuri, stima ikapotea, akaanza upya. Jumatano draiva ikaingia, lakini kompyuta ikawa inatuma simu kwa tundu moja na waya uko kwa tundu lingine, na ilichukua siku nzima kujua hivyo. Mimi kila saa nilikuwa naenda na kikombe cha chai kuuliza kama imekubali.

"Mama, mandazi yanaungua."

"Hayaungui. Imekubali?"

"Mama!"

Alhamisi saa kumi ikakubali. Simu yangu ikalia, nikashika, nikasikia sauti ya mtoto wangu aliyoirekodi: "Hamjambo wakulima, lori inakuja leo, chuneni majani." Nilipiga kelele mpaka fundi wa viatu akakuja kuuliza ni nani amekufa.

Ningenyamaza hapo. Lakini mimi moyo wangu haukai. Nikamuuliza, "Na mtu asiposhika? Watu wako ng'ombeni asubuhi, wanakamua. Weka irudie."

"Mzee hakusema irudie."

"Mzee anajua nini ya kompyuta? Wewe ukikosa hii kazi utangoja miaka mingine mitatu? Weka hata mara moja tu."

Aliniangalia, akaweka. Ilikuwa kubadilisha namba moja: pale palikuwa sifuri, akaandika moja.

Ijumaa saa moja asubuhi mashine ikaanza, taa yake ikicheza. Wakulima mia moja na arobaini, na hakuna aliyeshika. Hata mmoja. Valary akaanza kung'ata kucha. Mimi nikamwambia, "Unaona? Na kama haingerudia?" Ikarudia kuwapigia wote. Bado hawakushika. Nikasema si neno, wataona senta imewatafuta mara mbili, watajua ni muhimu.

Saa nane lori ikafika. Kwa mizani walikuwa watu saba, hao ni wale wa hapa karibu ambao huisikia ikipanda mlima. Kimutai, dereva, akapiga honi, akangoja, akapiga tena. Mzee Chepyegon alikuwa anazunguka lori kama mtu aliyepoteza ndama. Halafu Cheptoo, mkulima wa ng'ambo ya mto, akapita akienda dukani, mikono mitupu.

"Ee! Na hii lori inafanya nini hapa?" akauliza. "Si mlituflashi mara mbili?"

"Nani ameflashi?" nikamwambia. "Ni mashine ilikuwa inakupigia. Mbona hukushika?"

"Nishike flashi ya senta? Nimalizie watu kredo ya simu? Mimi nililelewa vizuri, mama. Simu ya senta inalia tu, si ya kuongea: flashi moja, tunachuna. Mbili, lori haiji. Ni hivyo tangu Ratemo aanze."

Hakuna aliyetuambia, kwa sababu kila mtu mwenye chai anajua, na sisi tunaokaa hapa hapa senta hatukuwahi kupigiwa. Wakulima mia na zaidi walikuwa wamekaa nyumbani, wakitii.

Lori ikapakia magunia tisa. Valary akamwendea mzee.

"Mzee, ni namba moja tu nirudishe. Dakika moja. Kesho italia mara moja kwa kila mtu, kama Ratemo."

Mzee akakuna kidevu. Hakuwa na hasira tena, niliona. "Na hiyo ya kurudia ulitoa wapi?"

Valary akaangalia chini. Hakutaka kunitaja. Basi mimi nikaruka.

"Ni mimi, mzee! Mtoto hana makosa. Alikataa kabisa, nikamlazimisha. Mhurumie."

Mzee Chepyegon akavua kofia, akaivaa tena.

"Aa. Mimi nilikuwa nasema amekosa mwenyewe, na mtu akikosa hujifunza. Kumbe nikimpa hii kazi, nitakuwa nimeandika wewe. Wewe ndiye utasema watu wachune ama wasichune, na hata shamba huna."

Watu saba wakacheka. Kimutai akatoa kichwa dirishani: "Mama karani! Nije na lori saa ngapi kesho?"

Mzee akang'oa waya mwenyewe. Akasema Jumatatu ataleta mtu.

Valary alikunja huo waya vizuri, akauweka juu ya meza, akatoka. Nilimfuata mpaka nyuma, pale kwa jiko.

"Alikuwa ananipa wiki ingine," akasema. "Ulimwona?"

Nilimwona. Nikafungua mdomo nimweleze vile nilikuwa nafikiria, akainua mkono.

"Tafadhali, mama. Usiongeze."