Halwa kwa Ulimi wa Bwana Harusi

Kwenye duka langu la halwa, karibu na msikiti hapa Isiolo mjini, mteja hakutoka bila kitendawili. Akijibu, namwongezea kipande. Akikosa, namwongezea pia, ila kwanza namcheka. Hilo ndilo lililokuwa likiniamsha alfajiri, si faida. Mtu anaingia na uso wenye vumbi la njia ya Gotu, anatoka akilamba vidole.

Nimo, rafiki yangu tangu darasa la pili, alikuwa anahudumia wateja wakizidi, mimi nakoroga. Halwa haitaki haraka. Ukiiacha kidogo inashika chini.

Mwaka wa sabini na nane Nimo akaleta oda ya harusi. Kwangu halwa ya harusi hupikwa kwa ulimi wa bwana harusi, basi nikauliza, "Anapenda vipi?"

"Iliki nyingi. Njugu asione hata moja. Na ikolee moto mpaka iwe nyeusi," alisema akiangalia mlango.

Nikacheka. "Huyu amenyonya ziwa moja na Dullo wangu."

Dullo ni mume wangu. Wakati huo alikuwa Kulamawe kununua mbuzi.

"Wanaume wengi wako hivyo," Nimo akasema. "Huyu anaitwa Jillo. Humjui."

Nilikoroga mpaka adhuhuri. Mkono ukichoka, Nimo ananipokea mwiko. Ilipoiva niliisomea dua, kama kawaida yangu: Mungu aipe nyumba hiyo kicheko.

Haukupita muda baada ya harusi, akaja mzee Isacko, mfugaji wa Kulamawe.

"Salaam aleikum, mama."

"Aleikum salaam, mzee. Kitendawili."

"Ngoja kwanza. Nipe ile ya harusi ya Dullo. Ile nililamba mpaka karatasi."

"Dullo gani?"

"Si huyu wa mbuzi, mwenye jino la dhahabu. Ameoa kwetu. Wewe umepika na humjui?"

Nikampimia. Nyuma yangu Nimo alikuwa anakata karatasi za kufungia. Mkasi ukanyamaza.

Mzee alipotoka nikasema, "Ulijua."

"Dada, aliniapisha. Ningesema nini?"

"Ungesema niweke njugu."

Akalia. Mimi sikulia mbele yake. Mke wa pili si haramu. Wangeniambia, ningenuna, halafu ningepika. Lakini walinikorogesha kama punda anayezungushwa amefungwa macho, na dua yangu wakaila.

Dullo alirudi na leso mpya na maneno machache. Leso sikuifungua. Duka nikalifunga, kwa sababu kila mteja aliyecheka nilimwona kama anayejua jambo. Karai la kupikia likaota kutu.

Siku moja mwanamke mdogo akabisha mlango wa duka, tumbo limeanza kuonekana. Aliniamkia kwa heshima, macho chini.

"Mimi ni Talaso, wa Kulamawe. Nina mimba. Kila chakula kinanirudi, natamani ile halwa tu."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua, mama. Waliniambia ulikubali. Eti ulipika kwa furaha."

Nikamwangalia. Kumbe naye alilishwa uongo.

"Kwa furaha nilipika, kweli," nikasema. "Kukubali, hakuna aliyeniuliza."

Akafunika mdomo kwa mtandio. Alitaka kuondoka, nikamvutia kigoda. Nikasugua karai, nikawasha moto, nikakoroga. Harufu ya iliki ilipotoka barabarani, watu wakaanza kuchungulia.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Kila siku anaingia kwenye utamu, ladha haijui."

Akafikiri, akiangalia mikono yangu. "Mwiko?"

Nikamwongezea kipande.

Tangu siku ile sikufunga tena. Mkesha wa Idi duka likajaa mpaka nje, na Nimo akiwa kwenye foleni. Nikampimia vizuri, nikamfungia, nikamwongezea kipande kama kila mtu. Akapokea, asiondoke.

"Na kitendawili?" akauliza polepole.

Nikamtazama aliye nyuma yake. "Karibu, mama. Nikupe ngapi?"