Rungu na Teke

Kila Jumamosi saa nane mchana, watu watatu walikaa sebuleni kwa Bibi Fatmabai, mtaa wa Area D, wakapigana na majambazi ambao hawakuwepo. Mchezo aliutunga mjukuu wake, Dilnaz, mwalimu wa hesabu, kwa likizo mbili mfululizo. Yeye husimulia safari, wenzake wawili kila mmoja ana mhusika wake, na jambo likiwa la mashaka hurushwa dadu. Kanuni zilikuwa ishirini na mbili. Aliziandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari la jalada gumu, na hakuwahi kufuta hata moja.

Khalidi, kijana wa Kondoa anayesoma sheria chuoni kule Chimwaga, alicheza mlinzi wa misafara mwenye rungu. Athuman, karani wa mizani kwenye soko la mahindi Kibaigwa, alicheza mtu aitwaye Nyange, ambaye hakubeba silaha yoyote. Athuman alikuwa na miaka arobaini na tatu. Alikuja kwa basi, akarudi kwa basi, na kwa miaka miwili hakubishia kanuni yoyote.

Ugomvi ulianzia kanuni ya kumi na nne. Ilisema hivi: mwenye silaha ana pigo moja kwa zamu, asiye na silaha ana mawili, ngumi na teke.

“Nampiga jambazi rungu, halafu nampiga teke,” alisema Khalidi.

“Pigo moja,” alisema Dilnaz. “Una silaha.”

“Silaha iko mkononi, dada Dilnaz. Miguu yangu iko huru.”

“Soma kanuni.”

“Nimeisoma. Haielezi miguu yangu imepatwa na nini.”

Jumamosi hiyo jambazi alitoroka wakati wakibishana. Jumamosi iliyofuata Khalidi alikuja na kurasa nne zilizochapwa, zenye vichwa vya habari na hitimisho. Dilnaz alizisoma zote, akasahihisha makosa mawili ya tahajia, akamrudishia.

“Basi nitaonyesha kwa vitendo,” alisema Khalidi.

Wakatoka uani. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani likianikwa. Khalidi akashika mpini wa ufagio, akalipiga godoro pigo zuri, na papo hapo akarusha teke. Teke lilifika. Yeye mwenyewe akaanguka ndani ya beseni la nguo zilizolowekwa.

Bibi Fatmabai alitokea mlangoni.

“Shikamoo, bibi,” alisema Khalidi kutoka ndani ya beseni.

“Marahaba. Dilnaz, huyu anafanya nini?”

“Anathibitisha hoja, bibi.”

“Amethibitisha?”

“Nusu.”

Bibi alimpa taulo, akaomba beseni lake.

Athuman alibaki uani kulirudisha godoro mahali pake. Jikoni, Khalidi akijifuta, Dilnaz alifunga mlango na kushusha sauti.

“Sikiliza. Mapigo mawili ndiyo kitu pekee alichonacho Nyange. Nikikupa teke, wewe utakuwa na rungu na teke, yeye atakuwa na nini?”

Khalidi aliacha kujifuta. Katika kurasa zake nne hakuwa amemtaja Nyange hata mara moja.

“Ungeniambia tangu mwanzo,” alisema.

“Ungemwonea huruma. Angejua.”

“Dirisha liko wazi,” alisema Athuman kutoka nje.

Wakarudi sebuleni wote watatu, wakakaa.

“Hiyo kanuni uliiandika lini?” Athuman aliuliza.

“Wiki yako ya nne,” alisema Dilnaz. “Nyange alikuwa anauawa kila Jumamosi. Niliogopa hutarudi.”

“Ningerudi.”

“Sikujua.”

Athuman aliviangalia viganja vyake. “Kule sokoni kutwa nzima watu wananifokea kwamba mizani yangu inadanganya. Mwenye mahindi anafoka, mnunuzi anafoka. Hapa nikisema nimempiga mtu ngumi, mnaandika. Mkisema nimekufa, nimekufa, na hakuna anayenifokea. Sikuja kwa sababu ya teke.” Akamgeukia Khalidi. “Mpe kijana teke lake.”

Dilnaz alichukua rula. Macho yalikuwa yamemlowa, lakini mstari alioipigia kanuni ya kumi na nne ulinyooka. Chini yake akaandika: mwenye silaha anaweza kuongeza teke, lakini dadu ikitoa moja au mbili, ataanguka.

“Moja au mbili?” alisema Khalidi. “Hiyo ni theluthi nzima!”

“Leo umerusha teke mara moja, ukaanguka mara moja. Nimekuhurumia.”

Khalidi alifikiri, akaona hana shahidi wa kumtetea. Kisha akasema, polepole, kwamba si haki Nyange apoteze upekee wake bila kupewa kitu.

“Kweli,” alisema Dilnaz. “Kaka Athuman, unataka nini?”

Athuman hakuhitaji muda. “Punda.”

“Punda wa namna gani?”

“Wa kawaida tu. Tunatembea sana.”

Dilnaz akaandika punda kwenye karatasi ya Nyange na kumuuliza Athuman jina la mnyama huyo. Athuman alisema atalifikiria akiwa kwenye basi. Khalidi, taulo bado shingoni, alikuwa amekwisha kufungua ukurasa mpya.

“Punda akipiga teke,” alisema, “hilo ni pigo la nani?”