Kivuli wa Chini ya Meza

Mkamwana wangu ni fundi wa mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho karakana yake: cherehani mbili dirishani, majora ya vitambaa yameegemezwa ukutani, na katikati kuna meza kubwa ya kukatia ambayo mwanangu, fundi umeme, aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, ndiyo maana mguu wake mmoja umewekewa kigae. Mimi nakaa nao tangu nilipofiwa na mume. Kazi yangu ni kufumua mishono iliyokosewa na kutoa ushauri ambao sikuombwa.

Sikuwa mtu wa mbwa. Nilivyolelewa mimi, mbwa ni wa nje, na wa nje alibaki nje. Kwa hiyo siku ile mkamwana aliporudi kutoka yadi ya mbao alikokwenda kuchukua fimbo za mapazia, nikaona kwenye mkokoteni, kando ya zile fimbo, kreti limefunikwa shuka na ndani yake kitu kinatetemeka, nilijua nyumba inakuja kugeuka.

Alikuwa mbwa jike, rangi ya majivu, mbavu nje. Mwenye yadi alimnunua awe mlinzi, lakini msumeno ukiwashwa alijikojolea, na mtu akiangusha ubao alijibana nyuma ya magogo hadi jioni. Mwenye yadi alisema mbwa wa namna hii ni sawa na kufuli la karatasi, na alikwishaamua kumwondoa kwa njia anayoijua yeye. Mkamwana akasema, basi nitamwondoa mimi.

Mwanangu aliporudi kazini alimtazama yule mnyama, akamtazama mkewe. "Sasa huyu atalinda nini?"

"Halindi kitu," mkewe alimjibu. "Yeye ndiye wa kulindwa kwanza."

Kreti lilipofunguliwa, mbwa alitoka kwa tumbo, akaambaa na ukuta, akaingia chini ya meza ya kukatia. Mimi ndiye niliyempa jina la Kivuli, na nililisema kwa kejeli. Likamkaa.

Mkamwana alitundika pazia kuukuu pande mbili za meza, ikawa kama chumba. Kisha akatupa masharti. Mtu asiinamishe kichwa kumchungulia. Asinyooshewe mkono juu ya kichwa. Asivutwe, hata kama nyumba inawaka. Maji na chakula viwekwe karibu, kila mtu aendelee na shughuli zake. Yeye mwenyewe alikaa akishona, na mara kwa mara kipande kidogo cha maini ya kuchemsha kilimponyoka mkononi kikaanguka sakafuni, kana kwamba ni kipande cha uzi. Hakugeuka kuona kama kimeliwa. Siku zikapita hivyo. Nilimwambia mkamwana, mvumilivu hula mbivu, lakini hapa naona anayekula ni mbwa.

Alicheka, akaendelea.

Akamwita daktari wa mifugo, mama mmoja mwenye mabuti makubwa na sauti ndogo. Daktari yule hakumgusa Kivuli siku ya kwanza. Alikaa sakafuni, akatazama kwa muda, akasema mbwa huyu ana mimba, na hofu yake si ukaidi wala upumbavu, ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, una dawa yake na dawa hiyo ni polepole. Mkamwana alimkalisha pale mpaka chai ikapoa, akiuliza hili na lile. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama mke wa mwanangu kwa jicho jingine. Kitambaa kipya kikiingia, huwa hakitazami uso. Hukigeuza kwanza, akapitisha kidole upande wa nyuma, akajua kitavutika wapi na kitachanika wapi. Hivyo hivyo ndivyo alivyomsoma mbwa.

Akanifundisha na mimi. Mbwa akijilamba midomo na hakuna chakula, akipiga miayo na hana usingizi, akigeuza uso pembeni au akiinua mguu mmoja wa mbele, basi anazungumza.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anasema, mama umesogea mno."

Nikarudi nyuma. Na kweli, mguu ulishuka.

Balaa lilikuja kwa mkono wa mtu mwema. Kivuli alikuwa ananuka, hilo hakuna aliyelibishia, na mwanangu aliona atamsaidia mkewe kwa kumwogesha. Jioni moja mkewe akiwa jikoni, aliingiza mkono chini ya meza, akamshika ukosi, akavuta. Mbwa hakunguruma. Alimuuma kifundo cha mkono, akaachia, akarudi kwenye pembe akitetemeka kuliko siku ya kwanza.

Jeraha lilioshwa kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, kwa muda mrefu kama daktari wa mifugo alivyokuwa ametuagiza, kisha mwanangu akaenda zahanati kudungwa sindano za kinga. Alirudi na bandeji na uamuzi: mbwa aondoke. Mimi nilikuwa upande wake. Damu ni damu, na ile iliyomwagika ni yangu.

Mkamwana hakubisha wala hakulia. Alikaa karibu na mumewe, akaushika ule mkono wenye bandeji, akasema taratibu, "Pole, baba. Lakini hakukuuma kwa ubaya. Alikuambia kwanza kwa macho, akakuambia kwa masikio, akakuambia kwa kujikunyata. Maneno yote hayo hukuyasikia. Akabaki na neno moja tu."

Mwanangu aliitazama ile bandeji. Halafu akauliza, "Na nikitaka kusikia, nafanyaje?"

Nimezaa mtoto huyu na nimemlea, lakini siku hiyo niliona vizuri kwamba kuna mtu mwingine anayejua kumpeleka penye uzuri wake.

Tangu hapo, kila jioni alikaa sakafuni na visoketi vyake vibovu na bisibisi, mgongo ameupa meza, maini yamewekwa kando yake. Mwanzoni yalibaki pale pale mpaka asubuhi. Baadaye yakawa yanatoweka akiinuka. Kisha yakaanza kutoweka naye akiwa amekaa. Hatimaye, jioni moja, pazia lilisogea, pua ikachomoza, ikamnusa shati kuanzia kiunoni hadi katikati ya mgongo, ikatulia hapo. Mwanangu hakugeuka. Aliendelea kukaza skrubu ambayo ilikwishakaza zamani, na mimi niliyekuwa mbele yake niliona macho yake yamejaa maji.

Watoto walizaliwa juu ya vipande vya vitambaa, wanne, mmoja ana doa jeupe utosini. Mimi nilidhani sasa kazi imekwisha, mama amepata cha kumliwaza. Mkamwana akasema ndiyo kwanza inaanza. Daktari alikuwa amemwambia kwamba hofu ya mama huhamia kwa watoto, na kwamba wiki hizi za mwanzo ndizo zitakazoamua watakavyouona ulimwengu maisha yao yote. Udongo uwahi ungali maji.

Basi akauwahi. Kivuli alipotoka kwenda kula, yeye alimchukua mtoto mmoja mmoja, akamgusa masikio, vidole, tumbo, kidogo tu, akamrudisha kabla hajalalamika. Walipofumbua macho na kuanza kuyumbayumba, aliwatandikia sakafuni kila kitu: bati, mkeka, karatasi ngumu, zulia, mchanga kwenye sinia. Aligonga kifuniko cha sufuria akiwa jikoni mbali, huku mimi nawapa chakula. Kesho akagonga karibu kidogo. Mwavuli ulifunguliwa taratibu, ukaachwa chini waukague wenyewe. Mteja aliyekuja kuchagua rangi ya pazia aliwekewa mtoto wa mbwa mapajani kabla ya kuoneshwa kitambaa, na wengi walisahau walichojia.

Mimi nilipewa idara ya mikojo. Wakiamka, nje. Wakila, nje. Wakicheza sana, nje. Wakikojoa huko, sifa na kipande cha maini. Wakikojoa ndani, kupangusa bila neno. Hilo la bila neno lilinishinda. Mimi niliambiwa zamani kwamba mtoto wa mbwa husuguliwa pua kwenye kosa lake, nikasema hivyo.

"Mama," mkamwana alisema, "ukimkaripia, hatajua kosa ni mkojo. Atajua kosa ni wewe."

Nikapangusa. Yule wa doa jeupe alikuwa na tabia ya kuning'ang'ania pindo la gauni kwa meno, tukamwita Mkasi. Hapo nako niliambiwa nisipige kelele wala nisivute, maana kuvuta ndiyo raha ya mchezo. Nisimame kama nguzo, halafu nimpe kitambaa kilichofungwa fundo. Nilisimama kama nguzo mara nyingi mwaka ule.

Na jambo ambalo hatukulitarajia likatokea. Mama mtu aliwaona watoto wake wakikimbilia watu, wakigaragara miguuni mwao, na hakuna lililowapata. Siku moja naye akatoka mchana kweupe, watu wamo, akasimama katikati ya chumba. Cherehani ilinyamaza. Mkamwana alinitazama tu. Tangu siku ile ilikuwa desturi: asubuhi mkamwana alijipigapiga paja kwa kiganja, akampa mgongo akatembea kwenda uani, na Kivuli akamfuata.

Kisha ikaja mvua. Ilikuwa alasiri, mchukuzi ameleta majora na ameacha geti wazi, na Kivuli alikuwa uani. Radi ilipiga moja, ile ya kukata masikio. Nilipotazama, uwanja ulikuwa mtupu.

Mkamwana aliacha kitambaa chini ya sindano, akatoka peku. Niliwafungia watoto chumbani, nikamfuata na mwavuli. Tuliuliza njiani. Mshona viatu aliyekuwa amejibanza barazani alitunyooshea kidole kwenye kalvati kubwa linalopita chini ya barabara. Tulipoinama tuliona macho mawili katikati ya giza. Maji ya mtaro yalikuwa yanapanda.

Mafundi wawili wa gereji walikuja mbio, mmoja na kamba, mwingine na mti mrefu. Walikuwa watu wa msaada na walitaka kuingia. Mkamwana aliwashukuru, akawaomba msaada mwingine: wapande barabarani, wasimamishe magari, na pasiwe na honi. Kisha akalala ubavu kwenye tope, uso ameugeuza pembeni, akaanza kuzungumza kwa sauti ile anayotumia akipima dirisha, sauti ya mtu asiye na haraka. Maji yalimfika kifundo cha mkono. Kivuli hakusogea.

"Mvute," nilimwambia. "Ingia umvute."

"Nikimvuta leo, mama, nitakuwa nimempoteza hata nikimtoa hai."

Akainuka. Akajipigapiga paja kwa kiganja, akaligeuzia kalvati mgongo, na akaanza kuondoka, pole pole, kama anayekwenda uani asubuhi. Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wakifanya mambo ya ujasiri, wengi wao kwa kukimbilia mbele. Sijaona ujasiri kama ule wa kugeuka nyuma. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, lakini miguu haikuharakisha.

Juu yetu fundi wa gereji alikuwa amemwekea dereva wa basi kidole mdomoni, kama mwalimu wa chekechea, na basi zima limetulia.

Pua ilitoka kwanza. Kisha kichwa, kisha mwili wote, umelowa, umekonda, chini chini. Kivuli alipanda ukingo wa mtaro, akanipita mimi, akampita mtu wa kamba kando ya barabara, akakimbia hadi kwenye miguu ya mkamwana na kumwegemea kwa uzito wake wote, mpaka nusura amwangushe. Hapo ndipo mke wa mwanangu alipokaa chini, kwenye tope lile lile, akalia kwa sauti. Nilimfunika mwavuli. Sikuwa na ushauri wa kutoa.

Watoto walipokua, watu walikuja kuwataka. Mkamwana aliwahoji kama anaoza binti. Bwana mmoja aliyetaka mbwa wa kufunga mnyororo nyuma ya ghala alipewa maji ya kunywa na akasindikizwa hadi getini. Mkasi alikwenda kwa fundi wa gereji, yule wa kidole mdomoni, na nasikia hulala chini ya magari wakati nyundo zinagonga.

Kivuli alibaki kwetu. Sitasema amepona kabisa. Radi ikipiga hurudi chini ya meza, na fagio hulizunguka kwa mbali. Lakini akirudi huko, hutoka mwenyewe, na huwa wa kwanza kumpokea mwanangu mlangoni.

Daktari wa mifugo alipoyaona haya akaanza kutuletea watu. Sasa wateja wetu ni wa aina mbili, wa mapazia na wa mbwa waoga. Jana alikuja dereva wa lori, pande la mtu, amebeba kijibwa ndani ya koti, kimejificha hata kichwa hakionekani. Alitaka kujua kitachukua muda gani kuzoea.

"Hilo muulize mwenyewe," mkamwana alimwambia. "Lala hapo chini, utazame pembeni, usubiri jibu."

Yule bwana alijilaza sakafuni kati ya majora, mabuti yake yakafika mlangoni. Nikamruka miguu na sinia la chai mkononi, nikiangalia nisimkanyage.