Ngozi ya Paja

Charline alikuwa na miaka sita alipoangukia babula, jiko la makaa, nyumbani kwao mtaa wa Majengo, mkono wake wa kuume ukaingia kwenye makaa. Kidonda kilipona, lakini vidole vitatu vilijikunja vikashikamana na kiganja. Mwaka mzima alikula kwa mkono wa kushoto, na shangazi zake walimgombeza kwa hilo hadi Kaswera, mama yake, alipowanyamazisha.

Daktari aliposema vidole vinaweza kufunguliwa, aliyeogopa zaidi alikuwa Kaswera. Mdogo wake alifia katika chumba cha upasuaji huko Butembo. Siku mbili za kwanza hospitalini hakula, na mara mbili alimbeba mtoto mgongoni ili atoroke naye. Hilaire, mumewe, alimrudisha kutoka getini.

Ndipo akaja Olive, muuguzi ambaye kazi yake ilikuwa kucheza na watoto kabla ya upasuaji. Alitandika mkeka sakafuni, akaweka mwanasesere wa kitambaa, barakoa ya dawa ya usingizi na bandeji. Charline alimpa mwanasesere jina la Mapendo. Alimvalisha barakoa, akamhesabia hadi tano, akamlaza, kisha akamfunga bandeji mkononi.

“Akiamuka, mama yake iko wapi?” Charline aliuliza.

“Iko hapa pembeni. Yeye ndiye atamuona wa kwanza.”

Kaswera alishuka kitandani akaketi nao. Alijikuta ameshika barakoa, akiinusa, akiigeuza.

“Kwa hiyo ni mukono tu?” alimuuliza Olive.

“Mukono tu, mama.”

Hilaire alikuwa amesimama mlangoni. Aliinamia simu yake. Siku hiyo Kaswera alimaliza ugali wake wote.

Kesho yake Charline aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, Mapendo kwapani, bila kulia. Alipoamka alimtafuta mama yake kwa macho, akamkuta. Akatazama bandeji ya mkono. Kisha akataka kugeuka ubavu, na akapiga yowe.

Kaswera alifunua shuka. Paja la mtoto lilikuwa limefungwa lote, damu imepenya juu.

“Juu ya nini balinikata muguu?” Charline alilia. “Mapendo hawakumukata muguu!”

Olive alikuja mbio. Mtoto alimtupia mwanasesere kwa mkono wa kushoto. “Muongo!” Na Kaswera akalirudia neno hilo kwa sauti kubwa zaidi, mbele ya wagonjwa wote.

Olive hakujitetea. Alienda kwa daktari, akarudi na karatasi mkononi.

“Mama Kaswera, walichukua ngozi ya paja ili wazibe kiganja. Dokta alijua tangu juzi. Alimuelezea papa ya mutoto, papa akasaini. Mimi sikuambiwa. Lakini ilifaa niulize kabla ya kumwambia mutoto ni mukono tu. Kosa hilo ni langu.”

Kaswera alimgeukia mumewe. “Ulijua?”

“Ulikuwa unataka kukimbia na mutoto,” Hilaire alisema. “Nilimuomba Dokta anyamaze.”

“Ulikuwa pale mulangoni. Ulinisikia nikiuliza.”

Hilaire aliinamia tena simu yake.

“Nilikaa chini kama mutoto, nikacheza, nikaamini. Na wewe unaniangalia tu.”

Kama wangemwambia Kaswera habari ya paja, angelia, pengine angefika getini tena, lakini mwishowe angekubali. Alijijua. Kilichomuuma ni kwamba mtu aliyelala naye miaka tisa hakumjua.

Siku ya kubadilisha bandeji, Olive aliketi chini, mbali kidogo na kitanda.

“Hii itauma, Charline. Ya paja itauma kuliko ya mukono.”

“Mpaka wakati gani?”

“Mpaka uhesabu hamsini. Labda zaidi.”

Hilaire alisogea amshike mkono.

“Papa atoke,” mtoto alisema.

Hilaire alimtazama mkewe. Kaswera aliendelea kumwangalia mtoto. Hilaire akatoka, akasimama kwenye ukumbi, huku sauti ya binti yake ikipanda kwa Kifaransa cha shule, hesabu na kilio pamoja, hadi sitini na mbili.

“Ulisema hamsini,” Charline alimwambia Olive akihema.

“Nilisema labda zaidi.”

Mtoto aliwaza. “Ni kweli,” alikubali, lakini hakutaka kumgusa Mapendo.

Baada ya miezi mitatu vidole vilikuwa vimefunguka. Aliweza kushika kikombe na kalamu. Hilaire alifurahi kupita kiasi, akawa anamletea zawadi kila akitoka sokoni. Charline alizipokea na kushukuru, kama mtoto anavyomshukuru mgeni.

Jumapili moja, baada ya misa, Hilaire alimwita. “Njoo, Charline, twende Kituku tununue samaki.”

Mtoto hakusogea. Alimgeukia mama yake. “Ni kweli tunaenda Kituku?”

Hilaire aliinamisha kichwa. Kaswera alimtazama mumewe, akaona jinsi alivyokonda tangu siku zile.

“Sijui, mwanangu,” alisema, akichukua kitenge chake. “Mimi pia ninaenda.”