Sauti ya Siméon Isichomwe

Nyumbani kwangu kuna kitu kinakula maneno, na hakina jino hata moja. Mmeshindwa? Nipeni mji, basi. Ni radio ya kaseti.

Yangu ilikuwa inakula maneno ya Siméon, mume wangu. Alifariki Goma, kwa dada yangu Mukamusoni, kabla hatujarudi Gisenyi. Picha yake ninayo, lakini picha haicheki. Kwenye kaseti anacheka. Jioni moja dada alibonyeza kitufe cha kurekodi bila kumwambia, na yeye akatega vitendawili mpaka upande mzima ukaisha. Sisi tulikuwa tunamjibu kutoka jikoni, mbali, majibu yetu hayakuingia. Anaita "Sakwe sakwe", kama tunavyofungua kitendawili kwetu, halafu kimya mahali pa jibu letu la "Soma", halafu anaendelea. Larissa, mjukuu wetu, alizaliwa baadaye. Babu yake ni huyo wa ndani ya kaseti tu, hana mwingine.

Sasa kaseti ni kama sabuni, kila ukiitumia inapungua. Unyevu wa ziwa uliitia ukungu, radio ikatafuna mkanda, na mwaka huo wa 1999 Siméon akaanza kuongea kama mlevi, yeye ambaye hata urwagwa, pombe yetu ya ndizi, alikuwa anaonja tu. Nikaacha kumsikiliza ili asiishe.

Binti yangu Umuhire, mama yake Larissa, anafanya kazi kwenye ofisi ya mradi wa maji. Ramani zao za mabomba zilioza, mchwa wakamaliza zilizobaki, ndipo wakaanza kuziweka kwenye CD. Mwenye kazi hiyo ni Karangwa, aliyerudi kutoka Uganda na maneno yake ya huko. Jumapili moja Umuhire akamleta kwangu kunywa chai. Akaishika kaseti, akaigeuzageuza.

"Hii iko karibu kufa, mama. Nipe, kesho nitaichoma."

Nikamnyang'anya, nikaifunga kwenye ncha ya kitenge. "Mwana wangu, bwana yangu nilimuzika. Kumuchoma, hapana."

Umuhire alicheka mpaka chai ikammwagikia. "Maman, Uganda wanasema kuchoma. Sisi tunasema kugraver. Ni kuchonga."

"Bon. Kumbe kati ya kuchonga na kuchoma hakuna hata nafasi ya kupitisha ulimi."

"Yote mawili ni kweli," Karangwa akasema, na yeye anacheka. "Taa kali, nyembamba kuliko sindano, inachoma alama kwenye sahani ya CD. Baadaye taa ingine ndogo inazisoma. Inasoma tu, haigusi. Ndiyo maana sahani haipungui."

"Na ikikaa kabatini, inakula umeme?"

"Hata kidogo. Inalala tu. Usiiweke juani, usiikwaruze, na tufanye mbili zikae nyumba mbili. Itasubiri miaka mingi."

"Hizo sahani si zile Umuhire aliniletea, nikatundika kwenye mtama zifukuze ndege?"

"Ndizo, mama. Zile zilikuwa zimeharibika."

"Ndege hawajui."

Nikakubali, lakini kaseti haikutoka kwenye kitenge changu mpaka tulipofika ofisini wote watatu.

Huko, waya wa radio ulikataa kuingia kwenye kompyuta. Karangwa akaweka maikrofoni mbele ya radio, akafunga dirisha sababu ya makelele ya minibus za kwenda Kanama. Akatuambia tusikohoe. "Mkanda huu utapita mara moja. Mara ya pili sina hakika."

Nikakaa kimya kama kanisani. Siméon akatega cha kwanza, cha pili, nami nauma midomo. Mkanda ukalia kidogo, ukapona. Akafika kile cha mwisho, ninachokipenda.

"Sakwe sakwe."

"Soma," nikajibu, kwa sauti ya kuita mtu aliye shambani.

Umuhire akanifunika mdomo. Alikuwa amekwishachelewa. Mtu ameniita tangu nikiwa msichana, na mdomo wangu haujui kwamba amekufa. Siméon akaendelea: "Anavuka ziwa bila mtumbwi wala hajalowa, anaingia nyumbani bila kufungua mlango." Akangoja, akacheka, akajipa mji mwenyewe: "Ni mwanga." Hapo hapo radio ikasema tak. Mkanda umekatika.

Machozi yakanitoka. "Nimemuharibu."

Karangwa akashughulika na kompyuta yake, mashine ikavuma, sahani ikatoka ya moto kama chapati. Akairudisha ndani tusikie.

"Sakwe sakwe," akasema Siméon.

"Soma," akajibu bibi mmoja mzee.

Na Siméon akaendelea, kama mtu aliyesikia.

"Naweza kuikata sauti yako, mama," Karangwa akasema polepole. "Nikate?"

"Acha. Acha vile vile."

Mungu amlipe. Viazi nilivyompelekea alivikataa, Umuhire akaviacha juu ya meza yake. Sahani moja iko Goma kwa dada. Nyingine iko kabatini, imefungwa kwenye kitambaa, mbali na jua na mbali na mtama wangu. Larissa akija, tunaenda kuisikiliza ofisini, dirisha likiwa wazi. Babu anaita "Sakwe sakwe", na sote tunajibu "Soma", lakini kila mara kuna bibi ndani ya mashine anayenitangulia. Mjukuu wangu anamshangilia huyo, ananicheka mimi.