Vikuba vya Harusi ya Nasreen

Asumini ya biashara huchumwa mchana ingali imefumba, ili ishonwe alasiri na ifumbuke magharibi kifuani mwa mwenye kuivaa. Ikifumbukia kapuni haina mnunuzi. Sindano ikiigusa, yapukutika. Kwa hiyo Bi Swafiya aliinama shina hadi shina katika kishamba chake cha Kililana, na mgongo wake wa miaka hamsini na saba haukuulizwa maoni. Kapu lilipojaa akalifunika kwa kitambaa cha maji, akapanda bodaboda hadi gatini Mokowe. Nauli ilikuwa imepanda, eti petroli. Petroli hupanda kila mwezi. Asumini haipandi ng'o.

Oda ya siku hiyo ilikuwa nzito. Nasreen, binti Bi Rawiya wa Langoni, ng'ambo ya maji, alikuwa akiolewa: vikuba thelathini, yaani vishada vya asumini na majani ya rehani vya kubandika vifuani mwa wanawake, na shada la nywele za bibi harusi. Bi Rawiya alikuwa amemwambia wazi kwamba akichelewa atatumia mawaridi ya bara, yaliyokuja kwa ndege na yako tayari kwenye friji. Na nyumba moja ya Langoni ikishazoea mawaridi, nyingine zitafuata. Bi Swafiya hana kazi nyingine.

Gatini, karani wa ushuru, Ubaid, alimwamkia kwa adabu.

"Masalkheri, Bi Swafiya."

"Masalkheri, mwanangu. Nikatie risiti nipande boti. Yua lakwenda."

Ubaid akabonyeza mashine yake mpya ya risiti, iliyoletwa juma lile. Akabonyeza tena.

"Asumini haimo. Yaliyomo ni maua ya boksi, yale ya kuuzwa Ulaya, na hayo yataka nambari ya cheti cha kilimo."

"Cheti cha nini? Mimi siendi Ulaya, naenda Langoni."

"Nayua, Bi Swafiya. Mashine ndiyo haiyui."

"Basi andika mchicha."

"Wakifungua kapu ng'ambo, kazi yangu ishakwenda."

Ubaid hakumtazama usoni. Alizijua asumini vizuri. Miaka minne nyuma shada la mkewe, Shifaa, lilishonwa na mikono hii hii ya Bi Swafiya.

Nambari hutolewa na bwana kilimo, na bwana kilimo alikuwa hotelini, kwenye semina ya kuwahamasisha wakulima wadogo waingie katika biashara ya maua. Ubaid akampigia mara tatu, haikupokewa. Nahodha wa boti naye akasema bila risiti hapakii mzigo, alishatozwa faini kwa ajili ya matikiti ya mtu.

"Ungeyatia ndani ya buibui," mwanamke aliyekaa na Bi Swafiya benchini akamnong'oneza. "Nani angekuuliza?"

Kweli, nani? Lakini walitangaziwa kila mzigo ulipiwe, naye akaja na kapu kichwani, mwaminifu kama mtoto wa chuo cha Kurani. Uaminifu huo sasa ulimkera kuliko mashine.

Boti moja ikaondoka, na ya pili. Adhana ya alasiri ikapita. Alipofunua kitambaa kunyunyiza maji, maua ya juu yalikuwa yameanza kufumbuka. Akajaribu kushona machache pale pale benchini, yakamwagika mapajani. Akaiweka sindano.

Saa kumi na moja na nusu simu ikalia.

"Swafiya, tumeshatia mawaridi," akasema Bi Rawiya. "Usione vibaya."

"Sioni vibaya. Mungu awabariki."

Aliona vibaya sana. Alikaa na simu mkononi, uchovu wa mchana kutwa ukamshukia wote kwa pamoja.

Ndipo Ubaid akaja mbio na risiti. "Nambari imetoka, Bi Swafiya. Ushuru ni hamsini tu."

Kapu lilikuwa limefumbuka lote. Gati zima lilinukia, hata wachukuzi wakageuza shingo. Ubaid akavuta pumzi.

"Madhali hayaendi tena," akasema taratibu, "nipe konzi moya nimpelekee Shifaa."

Bi Swafiya akalifunika kapu.

"Nambari hii ni ya Langoni, mwanangu. Ya nyumbani kwako mpigie bwana kilimo."

Akamhesabia hamsini yake, akajitwika kapu, akaanza kurudi Kililana kwa miguu.